Mlango wa Sheria ya Kazi: Ajira ya Kwanza kwa Mhitimu wa Sheria Aliyeko Dodoma

(Hotuba kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho na wahitimu wa shahada ya sheria, Dodoma. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika ukumbini.)

Mwenyekiti wa kikao, wahadhiri wetu, mawakili wasomi mlioacha mafaili yenu asubuhi hii, ndugu wahitimu, wadogo zangu: mbukwenyi! Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumze juu ya ajira ya kwanza. Sitazungumzia ajira za sheria zote, maana nikigusa kila kitu mtatoka hapa mikono mitupu. Nitazungumzia tawi moja tu, sheria ya kazi. Nimelichagua kwa sababu ni tawi ambalo sheria yenyewe inamruhusu mhitimu kumwakilisha mtu, kusimama mbele ya mwamuzi na kumhoji shahidi, kabla hajaapishwa kuwa wakili. Wangapi humu walikuwa wanalijua hilo? Naona mikono michache. Basi tuanzie hapo.

Mnakumbuka Oktoba 2022? Yalitoka matokeo ya Shule ya Sheria kwa Vitendo: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Nchi nzima ilizungumza. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza tatizo. Sitaki kuwatisha. Nataka mpige hesabu ya maisha. Baada ya shahada kuna Shule ya Sheria. Kwa wengi kuna mitihani ya marudio. Kisha kuna maombi ya kuandikishwa, usaili, na kusubiri siku ya kuapishwa. Mtu anaweza kukaa miaka miwili au mitatu hapo katikati. Je, miaka hiyo utakula nini? Na ukishaapishwa, utakuwa umeshajua kufanya nini?

Sasa fungueni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Someni sehemu ya utatuzi wa migogoro. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, mtu anaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi au cha waajiri, na wakili, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Someni pia Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka huohuo: hata mgogoro ukipanda Mahakama Kuu upande wa kazi, mwakilishi binafsi bado anaruhusiwa. Ni wapi pengine mhitimu asiye wakili atapata nafasi ya namna hiyo? Kwenye kesi ya ardhi Mahakama Kuu, hapana. Kwenye kesi ya biashara, hapana.

Lakini nisikilizeni vizuri. Ruhusa hii ina mipaka, na wapo waliojiharibia kwa kuivuka. Mwakilishi binafsi si wakili. Hajiiti wakili, hagongi muhuri, hashuhudii viapo, na haandai hati za kisheria kwa malipo kana kwamba ameandikishwa. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inalifanya hilo kuwa kosa. Mtaani wanaitwa vishoka. Chukulieni kijana aliyemaliza shahada, akaanza vizuri kuwasaidia walinzi wa kampuni moja, kisha akachapisha kadi zenye neno "Advocate" na kuanza kupokea pesa za kuandaa viapo. Siku anaomba kuandikishwa, swali la tabia njema linamkuta na kadi zile. Njia salama ni kufanya kazi hii ndani ya taasisi: ofisi ya wakili, chama cha wafanyakazi, chama cha waajiri, shirika la msaada wa kisheria lililosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, au ofisi ya mwajiri mwenyewe. Humo unalipwa mshahara au posho kama mfanyakazi wa taasisi, na ukienda CMA unakwenda ukiwa na barua ya aliyekuteua na mtu anayekusimamia.

Je, kazi zenyewe ziko wapi?

Tatizo kubwa la wahitimu wetu ni kwamba wanatafuta tangazo lililoandikwa "Afisa Sheria". Mchukulieni binti aliyekaa mwaka mzima akifungua matangazo kila asubuhi, na kila penye "Afisa Sheria" akakuta sharti la Shule ya Sheria au uzoefu wa miaka mitatu. Akahitimisha kwamba kazi hakuna. Mwaka huohuo kampuni za ujenzi zilikuwa zinatafuta afisa rasilimali watu, chama cha wafanyakazi kilikuwa kinatafuta katibu msaidizi wa mkoa, na hoteli ilikuwa inatafuta afisa utawala. Kazi zote tatu ndani yake ni sheria ya kazi: mikataba, barua za kujieleza, vikao vya nidhamu, hesabu za mafao, safari za CMA.

Tazameni mji wetu. Mji wa Serikali pale Mtumba unajengwa. Uwanja wa ndege wa Msalato, barabara ya mzunguko wa nje, reli ya SGR, yote hayo yameleta wakandarasi, na wakandarasi wameleta wakandarasi wadogo. Palipo na mkandarasi mdogo pana mikataba ya miezi michache, malipo ya siku na watu wanaoambiwa kesho msije. Ongezeni kampuni za ulinzi, shule binafsi, hoteli na baa, vikundi vya mikopo. Waajiri hawa wengi hawana mwanasheria. Wanamwita wakili wakishapokea wito wa CMA, wakati makosa yameshafanyika na hayarekebishiki. Mhitimu anayeweza kumwonyesha mkurugenzi kwamba kikao cha nidhamu kilichoitishwa leo kwa ajili ya leo kitamgharimu, huyo ana bidhaa ya kuuza.

Upande wa wafanyakazi, vyama ni vingi kuliko wengi wanavyodhani: TUICO kwa viwanda, biashara na fedha, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, TAMICO kwa migodi na ujenzi, TALGWU kwa serikali za mitaa, TUGHE kwa serikali na afya, CWT kwa walimu. Upande wa pili kipo Chama cha Waajiri Tanzania, ATE. Halafu kuna eneo ambalo wahitimu wanalipita bila kuligusa: hifadhi ya jamii na fidia. Mwajiri wa sekta binafsi anachangia asilimia 0.5 ya mishahara kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na michango ya NSSF kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Kila mwezi kuna mwajiri ambaye hakupeleka, au aliyepeleka kwa mshahara mdogo kuliko halisi. Anayejua kuifuatilia michango hiyo, mstari kwa mstari, anahitajika na waajiri na wafanyakazi pia.

Kwa wanaotaka serikali: msiangalie Wakili wa Serikali na Hakimu Mkazi peke yake. Angalieni pia nafasi ya Afisa Kazi. Someni sifa za kila tangazo neno kwa neno, kwa sababu siyo kila nafasi inayomtaka mwanasheria inadai Shule ya Sheria.

Sasa nafika kwenye kiini cha hotuba hii, na hapa nitakaa kidogo. Anayekuajiri kwenye sheria ya kazi anataka kujua jambo moja: je, nikikupa mteja leo, utamfikisha salama mbele ya mwamuzi? GPA yako itakuingiza kwenye chumba cha usaili. Humo ndani utaulizwa mambo mengine. Nami nawapa maswali matatu ya kumuuliza kila mteja kabla hujagusa kalamu. Mwajiri ni nani? Lini? Karatasi iko wapi?

Tuanze na "lini", maana ndilo linaloua kesi nyingi. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama mishahara isiyolipwa, ndani ya siku 60. Sasa chukulieni mlinzi. Tarehe 3 Machi msimamizi anamwambia kwa mdomo asirudi lindoni. Anakuja kwenu tarehe 10 Aprili. Mhitimu mwenye haraka anahesabu: siku 38, amechelewa siku nane. Anajaza Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, na kwa kufanya hivyo amekiri mwenyewe kwamba mteja amechelewa. Sasa atatakiwa kueleza kila siku ya ucheleweshaji, na akishindwa, mlango umefungwa.

Lakini angemuuliza mlinzi yule: baada ya kuambiwa usirudi, ulifanya nini? Angejibiwa: niliandika barua ya kulalamika makao makuu ya kampuni, wakaniita, wakanipa barua tarehe 20 Machi wakisema uamuzi unabaki. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, Tangazo la Serikali Na. 64 la 2007, zinahesabu siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa au tarehe mwajiri alipofanya uamuzi wa mwisho wa kuachisha au wa kuthibitisha uamuzi huo. Ukihesabu kutoka tarehe 20 Machi, ni siku 21. Mlinzi yumo ndani ya muda! Hakuhitaji huruma ya mtu yeyote. Alihitaji kuulizwa swali. Lini? Na barua iko wapi?

Kisha mnajaza Fomu Na. 1, fomu ya kufungulia mgogoro CMA, ile iliyomo kwenye Kanuni za 2017, Tangazo la Serikali Na. 47. Fomu hii inaonekana nyepesi, na ndiyo maana inaharibiwa. Sehemu B ni ya migogoro ya kuachishwa kazi tu. Usiijaze kama mgogoro ni wa mshahara. Eneo la matokeo unayoyataka lijazwe kamili: kurudishwa kazini au fidia, malipo ya notisi, likizo ambayo hakuichukua, kiinua mgongo, nauli ya kumrudisha alikoajiriwa, cheti cha utumishi. Usipoomba kwenye fomu, usitegemee kukipata kwenye tuzo, yaani uamuzi wa mwisho wa mwamuzi. Kiinua mgongo mkihesabu: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka kumi. Wengi wanakosea kwa kutumia mshahara wote pamoja na posho. Na kabla ya kuipeleka fomu Tume, nakala impate mwajiri kwanza, nawe uwe na ushahidi kwamba ameipokea: sahihi na tarehe. Mlinzi wa getini akikataa kusaini, andika jina lake, saa na siku, tafuta njia nyingine ya kumfikia mwajiri, usiondoke ukisema "nilipeleka".

Mwajiri ni nani? Swali hili linaonekana la kitoto. Kwenye eneo la ujenzi mfanyakazi atakutajia jina la mkandarasi mkuu kwa sababu ndilo lililoandikwa kwenye bango. Aliyemlipa ni mkandarasi mdogo mwenye jina tofauti kabisa. Ukimshitaki asiyehusika, siku 30 zinakwisha huku mkibishana. Tazama anayetuma pesa kwenye simu au benki, jina kwenye kitambulisho cha kazi, jina kwenye michango ya NSSF.

Na hapa Dodoma swali hilo lina uzito wa pekee. Kwa nini? Kwa sababu jirani yako, shemeji yako, mwenye nyumba wako, ni mtumishi wa umma. Mwaka 2016 Sheria ya Utumishi wa Umma iliongezwa kifungu kinachomtaka mtumishi wa umma amalize kwanza njia za sheria hiyo, yaani rufaa Tume ya Utumishi wa Umma na zinazofuata, kabla hajatumia njia za sheria za kazi. Rufaa hiyo ina siku zake 45. Kuna shauri la mfanyakazi wa Shirika la Posta lililofika Mahakama ya Rufani, likaamuliwa 2022. Mahakama ikasema CMA haikuwa na mamlaka ya kulisikiliza. Fikirieni: usuluhishi, uamuzi, Mahakama Kuu, Rufani, na mwisho wake ni kwamba safari yote ilianzia kituo kisicho chake. Mtumishi wa halmashauri, wa wakala, wa shirika la umma akija kwako, usimpeleke CMA kabla hujajibu swali la kwanza. Mwajiri ni nani?

Karatasi iko wapi? Mkiwa upande wa mfanyakazi, msikate tamaa akisema hakupewa mkataba. Sheria inamtaka mwajiri atoe maelezo ya ajira kwa maandishi na ayatunze miaka mitano baada ya ajira kwisha. Asipoyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Na kwenye kuachishwa kazi, mwajiri ndiye mwenye kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Mkiwa upande wa mwajiri, basi hiyo ndiyo kazi yenu ya kila siku: barua ya tuhuma inayoeleza kosa kwa tarehe na mahali, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, mwenyekiti wa kikao ambaye hakuhusika na tukio, muhtasari uliosainiwa, uamuzi kwa maandishi, haki ya kukata rufaa ndani ya kampuni. Meneja aliyempiga mtu picha akiiba anaweza kushindwa kesi kwa sababu alikuwa mlalamikaji, shahidi na mwenyekiti wa kikao kwa wakati mmoja.

Jambo dogo lakini zito: mkiwa mbele ya mwamuzi, sikilizeni kama shahidi ameapishwa kabla ya kutoa ushahidi, na angalieni kama mwamuzi amesaini mwisho wa ushahidi wa kila shahidi. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo ya CMA kwa kukosekana kwa vitu hivyo, shauri likarudi kuanza upya. Mwakilishi anayesimama kwa heshima na kusema, "Mheshimiwa mwamuzi, naomba shahidi aapishwe," ameokoa miaka ya watu. Na tuzo ikitoka, mapitio Mahakama Kuu yana siku 42. Ziandikeni kwenye kalenda siku ileile mliyoipokea, pamoja na notisi ya Fomu Na. 10, ya kueleza kusudio la kuomba mapitio, ambayo wengi huisahau wakakutana na pingamizi.

Mengine mawili nayapita haraka. Toleo la Urekebu la Sheria la 2023, yaani mkusanyo wa sheria za nchi uliohuishwa, lililozinduliwa hapahapa Dodoma Aprili 2025, lilianza kutumika Julai 1, 2025, na namba za vifungu vingi zimebadilika. Ukitaja kifungu kwa namba ya zamani kwenye usaili, aliyekuuliza atajua notsi zako ni za lini. Na tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na vyombo vya utoaji haki. Mmesoma miaka minne kwa Kiingereza, lakini hoja zenu za mwisho zitaandikwa kwa Kiswahili, mbele ya mteja anayeelewa kila neno. Anzeni kufanya mazoezi sasa. Chukueni maamuzi ishirini ya kazi kutoka TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, ambako ni bure, na kila moja liandikeni kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili: nani, lini, karatasi gani, mahakama imesema nini.

Kurasa hizo ishirini ndizo zitakazoomba kazi kwa niaba yako. Mhitimu anayepeleka barua ya "naomba nafasi yoyote" kwenye ofisi kumi anawapa watu kumi kazi ya kumtafutia kazi. Mhitimu anayeandika: naomba miezi mitatu kwenye mashauri ya kazi, nimeambatanisha muhtasari wa maamuzi matano na mfano wa Fomu Na. 1 niliyoijaza kwa mteja wa kubuni, huyo anasomwa. Viambatanisho visiwe na jina la mteja halisi hata mmoja. Siri ya mteja haianzi siku ya kuapishwa.

Wakikukubali, omba barua: muda, msimamizi, kazi utakazofanya, nauli. Nalisema hili kwa uchungu. Wapo wanaoshikiliwa mwaka mzima wakibeba mafaili bila hata nauli, ndani ya ofisi inayodai mishahara ya watu wengine mbele ya Tume. Haifai. Miezi mitatu ya kujifunza ina maana yake. Ikiisha, ulizeni kwa maandishi kinachofuata.

Kwa Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali: barua ielekezwe kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, nayo isainiwe. Vyeti viwe vyeti. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Majina kwenye cheti cha kuzaliwa, NIDA na cheti cha chuo yakitofautiana, shughulikieni leo, msingoje tangazo litoke. Mtu akikuomba pesa ili jina lako lipite, ni tapeli, mripoti. Na ukifika usaili ukashindwa kupangiwa kituo, usifute akaunti. Majina ya waliofaulu hutunzwa kwenye kanzidata na watu hupangiwa baadaye.

Ndugu zangu, mezani kule nyuma kuna nakala tupu za Fomu Na. 1 na kisa cha mfanyakazi wa hoteli chenye tarehe saba ndani yake, moja tu ikiwa ndiyo ya kuanzia kuhesabu. Jazeni kwa vikundi vya watu wanne, mna dakika arobaini. Mawakili wasomi waliopo watapita kusahihisha, kisha tutapokea maswali.